Hujahesabu Mkaa

Darasani wako tisini na wawili,
madawati hayafiki arobaini.
Nikiandika ubaoni, wa nyuma hawaoni;
wananisikia tu, kama adhana ya mtaa wa pili.

Ndipo nikafungua grupu la Wasapu:
Hesabu, Kidato cha Kwanza C, Mbagala.
Wengi wameingia kwa simu za wazazi,
hivyo usiku wanafunzi wangu huitwa
Baba Mwajabu, Fundi Friji, Wakala Kizuiani,
na mmoja ni Mungu Mwema, picha yake waridi.

Wiki ya kwanza zikaja dua,
kiwanja kinauzwa Chanika,
dawa ya kunguni.
Mkuu wa shule akaniita: "Madam,
hilo grupu ni la masomo au la kikoba?"
Nikamwomba mwezi mmoja.

Jumanne, saa nne usiku, umeme hakuna,
nikalipiga picha swali kwa mwanga wa tochi:
*Mama amenunua samaki kwa shilingi 40,000.
Amewauza wote kwa 52,000.
Tafuta faida yake kwa asilimia.*

Tiki zikageuka bluu, moja moja.
Kimya.
Halafu sauti, sekunde hamsini,
mafuta yakichachatika nyuma yake:

"Samahani mwalimu, Zamoyoni kalala.
Mimi mama yake. Swali nimelisoma.
Thelathini hiyo ni ya daftarini.
Hujahesabu mkaa.
Hujahesabu mafuta, wala ushuru wa meza.
Na hao 'wote' umewauzia wapi?
Mimi hunilalia sita, saba,
asubuhi nawatoa kwa bei ya kutupa.
Ikibaki elfu tatu nasema alhamdulillahi,
na humo ndimo limetoka bando ninaloongelea."

Nilimsikiliza mara tatu.
Miaka kumi na moja nafundisha faida,
na sijawahi kununua gunia la mkaa.

Asubuhi nikamwomba ruhusa, akacheka, akanipa.
Nikaiinua simu juu, sauti mpaka mwisho.
Darasa likanyamaza hadi kwenye dirisha lililovunjika,
anapokaa Zamoyoni,
ambaye tangu Januari sijauona mkono wake.

Nikaandika upya: samaki, mafuta, ushuru,
mkaa, elfu mbili.

Mkono ukapanda taratibu,
una kovu dogo la mafuta ya moto.

"Madam, mkaa umepanda tangu jana."

Nikafuta.
Tukaanza tena.