Mshale Unasema Yatosha

Mshale wa springi umesimama kwenye alama ya tatu,
alama ya bapa la inchi moja.
Yatosha, unasema.
Unasema hivyo tangu niinunue mashine hii Jinja
kwa watu waliokuwa wakifunga karakana ya baba yao
na kuuza hadi misumari iliyopinda.

Jana niliuamini.
Nikapasua kipande cha msonobari, cha majaribio tu.
Juu msumeno uliingia sawa, chini ukatoka sawa,
katikati bapa likakengeuka:
ubao mmoja una kitambi, mwenzake tumbo la njaa.
Nikatukana beringi. Nikatukana meno.
Nikamtukana Kigenyi aliyeyanoa.
Akanitazama tu, akaendelea na muhogo wake.

Leo si msonobari.
Leo ni boriti ya mvule ya Naigaga,
imeng'olewa kwenye nyumba ya mamake kule Buwenge
baada ya ukuta kulala na mvua ya Aprili.
"Nipasulie mbili sawa," kasema,
"mimi na dada yangu, kila mtu kizingiti chake."
Boriti ni moja. Sokoni hakuna nyingine
yenye masizi ya jiko lile.

Basi nazungusha mpini.
Nusu mzunguko. Mshale hautikisiki.
Kumbe umekwama, labda tangu enzi za baba yao.
Robo tena. Springi inalia kama kitanda cha gesti.
Nakitazama kiungo, pale walipolichomelea bapa,
maana kamba hukatikia pembamba,
na chuma kikikatika hakipigi hodi.
Nalisukuma ubavuni kwa kidole:
bado linapinda, kama mdeni mwenye maneno mengi.
Robo tena.
Nalidonoa kwa ukucha.
Jana lilisema bwa, kamba ya nguo iliyolowa.
Sasa linasema ti,
na Kigenyi, ambaye Jumamosi hupiga endingidi harusini,
anaacha kutafuna.
"Hapo," anasema, mdomo umejaa.

Umeme upo. Mpaka saa ngapi, hatujui.
Naisukuma boriti kwa mwendo wa kinyonga.
Vumbi la mvule linachoma koo.
Msumari ambao hatukuuona unapita pembeni,
upana wa ukucha.
Nusu zinaachana polepole,
na ndani, mahali ambapo jua halijawahi kufika,
rangi ya ndizi iliyoanza kuiva,
mistari ya huku ikitazamana na mistari ya kule.
Naweka rula. Mwanga haupenyi.

Naigaga anapapasa pande zote, hashukuru.
Anauliza kama na vumbi ni lake.
Nalo, namwambia. Namtafutia gunia.

Jioni nalegeza mpini, mizunguko saba,
bapa lipumzike, mipira ya magurudumu isifanye bonde.
Linaning'inia kama mshipi wa mtu aliyeugua.
Nikishika kufuli natazama nyuma:
mshale uko palepale, alama ya tatu.
Yatosha, unasema.