Siki ya Pingyao

Ghorofa ya tisa, Taiyuan. Vumbi la makaa limeketi dirishani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Mkurugenzi Hou Zhenduo anatuonyesha grafu:
kiwanda cha betri kinauzwa Hefei, bei ya kutupa,
benki ziko tayari, riba nyepesi kama unyoya.
"Kilichobaki," anasema, "ni saini."
Na wote wanane wananigeukia mimi, mhasibu.

Mimi si wa ukoo wao. Niliajiriwa tu.
Lakini wiki ya kwanza nilipelekwa Pingyao, kwenye nyumba ya kale,
nikaoneshwa matundu ukutani, mahali palipokuwa na milango.
Milango iliuzwa.
Kabla yake waliuzwa punda, ikauzwa hariri,
likauzwa jeneza la bibi aliyekuwa bado anapumua.
Walitunza fedha za watu kwa hati na kwa neno;
dola ikaanguka, wakubwa waliokopa wakatoweka na deni,
wenye akiba wakapanga foleni uani
hadi theluji ikawafika vifundoni.
Kila mmoja alilipwa.
Hilo husimuliwa kwa majivuno.
Kwamba watoto wawili walikufa njaa baridi ile
alinisimulia dereva, njiani kurudi, kwa sauti ndogo.

Kanuni haikuandikwa popote. Nimeitafuta.
Ila kila mwaka deni letu ni dogo kuliko la majirani,
na fedha zetu zimelala benki, zimejikunyata.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Sawa. Lakini aliyeumwa alizikwa zamani.
Mbona mkono unaotetemeka ni wangu,
mimi mtoto wa muuza matikiti wa Wuhan?

Mwaka wa misukosuko majirani walifunga; sisi tulilipa mishahara.
Miaka miwili baadaye wakarudi na mikopo mipya,
wakatupita, hata honi hawakupiga.
Sijui hesabu ya kujumlisha hayo mawili.

Mezani kuna chupa ya siki, zawadi ya kila mwaka mpya.
Kwao siki huachwa juani kiangazi kizima;
baridi ikija, huondolewa barafu iliyoganda juu.
Mwaka wa tano, wa kumi:
inazidi kukolea,
inazidi kupungua.

Nafungua kalamu. Zhenduo anatabasamu.
Naandika nusu ya kiasi alichoomba,
nasaini,
kisha nautazama mkono wangu muda mrefu,
nisijue ni wa nani
uliokata ile nusu nyingine.