Debe la Mpondwe

Kumbukumbu za kikao, siku ya pili. Mwandishi: mimi.
Waliohudhuria: kumi na wanne, na mvua.

Ajenda ya kwanza ilikuwa neno moja tu, debe.
Upande wetu debe husawazishwa kwa fimbo;
ng'ambo ya Lubiriha hujazwa mpaka liote kichuguu,
na kichuguu hicho, walisema watu wa takwimu,
hakimo katika hesabu ya serikali yoyote.

Bwana Masereka wa ushuru akafungua faili.
Bwana Kasereka wa Kasindi naye akafungua lake.
Wote wawili ni wavulana wa tatu kwa mama zao,
ndiyo maana ya jina: herufi moja imevushwa mto
ikabadilika njiani kama noti mkononi mwa wabadili fedha.
Waliitana "ndugu mjumbe". Hawakutaniana.

Mtaalamu kutoka Kampala alikuja na mchoro,
duara ndani ya duara, mshale,
"kanda", "mkakati", "utangamano".
Nikaandika yote. Kazi yangu ni kuandika.
Lakini kalamu nayo ina masikio,
ikasikia nje ya dirisha mwanamke akimdai mwenzake
bakuli mbili za maharage tangu Ijumaa ya soko.

Ndiye aliyeitwa ndani baada ya chai.
Kavira, muuza maharage, miaka kumi na tisa darajani,
karatasi zake kazifunga kwenye ncha ya kitenge.
Hakuisalimu meza kuu. Alibeba madebe mawili.
Akajaza moja kwa mtindo wa kwao,
akalimimina katika jingine,
akapitisha fimbo.

Kilichozidi kilitawanyika juu ya rasimu,
juu ya duara, juu ya mshale,
maharage ya manjano yakaviringika
hadi mapajani mwa waheshimiwa.
"Hiki," akasema, "ndicho ninachokula na watoto.
Mkikipa jina, mtakitoza.
Mkikiacha bila jina, askari wa daraja anakichukua."
Kisha akaketi, akamenya ndizi.

Kwa muda, mvua ndiyo iliyoongoza kikao.

Sijui nani alianza. Nimeandika "wajumbe walikubaliana",
lakini nilimwona Masereka akiokota punje moja moja
na Kasereka amemshikia bakuli.
Walihesabu kwa lugha ya nyumbani,
ile isiyogongwa muhuri mpakani,
wakafika bakuli mbili na nusu,
wakacheka. Hilo sikuliandika.

Kifungu cha nne, kwa hiyo, kinasomeka hivi:
debe ni lile lililosawazishwa kwa fimbo, pande zote mbili;
kinachobaki juu ya fimbo ni cha mwenye mzigo,
nacho hakitaulizwa darajani.
Mtaalamu akataka kujua akiweke wapi kwenye mchoro.
Pembeni, akaambiwa. Akachora kidoa.

Kifungu cha tano, kuhusu miti ya kingo za mto,
kiliahirishwa. Mto umeshahama mara mbili tangu ramani ichapwe
na haijulikani miche ipandwe kwa nani.

Rasimu ikaenda Kampala, nakala yake Kinshasa.
Miezi saba. Hakuna jibu,
ila barua moja iliyotuuliza tulikunywa chai ya shilingi ngapi.

Ijumaa iliyopita nilishuka sokoni kununua mawese.
Kijana mmoja, asiyejua kikao wala kifungu,
alipitisha fimbo juu ya debe la mama wa ng'ambo,
kisha kwa kiganja akakisukuma kilichobaki
kikaingia kikapuni mwa mwenye mali.
Nikamuuliza nani kamfundisha.
Akanitazama kama mtu aliyepotea njia ya kwao.
"Ndivyo linavyopimwa," akasema, akavuta gunia jingine.

Nimeuongeza mstari huo ukingoni mwa kumbukumbu,
kwa penseli.