Utambi

Simu ya Ndahani iliingia saa kumi na moja alfajiri:
mama kalazwa Mvumi, njoo na shuka mbili.
Gari la kwanza saa moja.
Nina saa mbili, nina vyungu barazani,
na hapa Nkuhungu ni Agosti,
upepo unakunywa hata kivuli.

Nimwachie nani? Loi wa jirani ni mwema,
ila kwake yeye maua ni mambo ya msibani.
Na bomba letu lina siku zake,
Jumanne na Ijumaa,
likiamka vizuri.

Nikawasha jiko, nikababua msumari
hadi ukawaka kama kaa lenyewe,
nikatoboa kifuniko cha chupa, tundu moja,
jembamba, la kupitisha tone kwa kubembelezwa.
Chupa nikaipindua kichwa chini kwenye ndoo ya pilipili.
Ikatoa kwikwi moja ya hewa,
ikanyamaza.

Waridi la kopo la rangi nikalisukumia ukutani,
nikalivika nailoni ya godoro jipya
ili lipumue jasho lake lilinywe tena.
Mshubiri sikuugusa. Ule ukiudekeza unaoza.

Mchaichai una mtungi wake, umefukiwa hadi shingoni.
Mama aliuleta mwaka juzi, kaupakata safari nzima.
"Mtungi unaovuja jasho hauuziki," alisema,
"lakini unazikika."
Nikaujaza, nikakimbilia mrehani.

Kwa mrehani sikuwa na kamba wala pamba.
Nikavuta kanga kuukuu, ile ambayo pasi
ilishakula "Mgeni njoo",
nikararua pindo lake, upana wa vidole viwili,
ncha moja ndani ya beseni juu ya tofali,
ncha nyingine chini ya udongo, penye mizizi.
Nikasimama na mkoba begani, nimechelewa,
nikitazama weusi wa maji ukipanda
herufi baada ya herufi,
MWENYEJI,
taratibu, kuelekea
APONE.

*

Mvumi, kitanda cha nne kutoka mlangoni.
Chupa kichwa chini, mrija, mkono wa mama.
Muuguzi akasogeza kigurudumu kwa dole gumba:
tone. Tone.
Mama akafumbua jicho moja.
"Mbona mmenipanda?"

Nilicheka hadi nikatoka nje kulia.

Usiku akauliza: "Mtungi uliujaza?"
Niliujaza.
"Ukaufunika?"
Nikasema ndiyo.
Nikakaa na ile ndiyo hadi alfajiri,
nikihesabu matone ambayo kwangu sikuyahesabu.

*

Siku ya tisa nikarudi mara moja, kufuata nguo.

Pilipili imekufa.
Punje moja ya mchanga iliziba tundu,
na chupa bado imejaa, imesimama juu ya maiti
kama mtu aliyesahau alichokuja kusema.
Waridi limepukutisha kila kitu, ila ukilikwangua
kwa ukucha, ndani bado kijani.
Mshubiri hauna habari.

Beseni ni vumbi na mbu wawili.
Lakini pindo la kanga, pale linapozama udongoni,
nililiminya: likanilowesha kidole.
Mrehani ukanuka kabla sijauinamia.

Na juu ya mtungi wa mama
nikakuta sahani ya bluu ya Loi, imefunika vizuri,
imewekewa jiwe upepo usiipeperushe.
Hakuniambia. Nilipomwita dirishani akasema tu,
"Niliona kitu kimeachwa wazi."

Sahani ya mtu hairudi tupu.
Nikaiosha kwa kikombe kimoja,
maji yale yale nikayamimina kwenye waridi,
nikakata mchaichai, nikaulaza juu yake,
nikavuka uwanja.

Simu ya Ndahani: leo kanywa uji,
kashika kikombe mwenyewe.
Mkono unatetemeka, lakini mwenyewe.

Nimejaza beseni. Nimefunika mtungi.
Msumari mwingine uko motoni, mnene kidogo kuliko ule.
Gari ni saa nane.