Ada ya Februari

Ndugu wawili wa Kaunas, mimi ndiye mhasibu wao.
Mtaa mmoja, ngazi moja, ghorofa mbalimbali.
Kila Februari, theluji ikishageuka tope mlangoni,
hunijia na karatasi zao za vikoa,
majina ya mtandao, bidhaa isiyo na uzito wala harufu.

Žydrūnas huingia na koti mwilini. Havui.
Jumanne kanunua jina, Ijumaa kaliuza,
faida euro mia na kumi na mbili,
toa kamisheni ya mnada,
toa kahawa za kukeshea saa za Marekani.
Mwaka jana majina mia tatu na sita yalipita mikononi mwake
kama sahani ya moto: shika, pokeza, shika, pokeza.
Hakumbuki hata moja.
"Hili la mwezi wa tano lilikuwa neno gani?"
Hucheka. "Muulize daftari."

Rimvydas huvua viatu.
Huketi. Huomba chai, huikoroga hata ikapoa.
Anayo majina kumi na tisa, miaka ishirini sasa,
na huyataja kama mtu ahesabuye watoto kabla ya kuzima taa:
medus, ndiyo asali,
duona, mkate,
lietus, mvua,
na mengine ambayo siku hizi hata wazee hawayatamki.
Kila moja hulilipia ada. Ada ndogo.
Ila ndogo mara kumi na tisa, mara miaka ishirini,
ni gari. Nilimpigia hesabu.
Gari kuukuu, lakini linawaka.

Zamani walimpa elfu arobaini kwa asali.
Akasema, bado.
Kampuni ile imeshakufa, na bado yake ingali bado.
Tangu hapo zimekuja barua mbili:
moja ya tapeli,
moja ya mtoto wa shule aliyetaka kuazima mvua
kwa somo la hali ya hewa.
Akamwazima bure, muhula mzima.
Sikuiandika popote. Daftari langu halina safu ya hayo.

Husemwa mvumilivu hula mbivu.
Mimi nimeiona mbivu ikipita utamu na kuwa siki,
na nimemwona mwenye pupa akitafuna mbichi,
akashiba, akajifuta mdomo.
Kodi wanalipa wote wawili.

Kisha siku moja, kituoni Savanorių,
likapita basi la umeme, ubavuni limechorwa neno,
herufi ndefu kuliko madirisha:
neno aliloliuza Žydrūnas kwa mia tisa.
Hakusema kitu.
Basi likakata kona, naye akabaki akitazama
nyaya zikitikisika juu ya barabara tupu.
Nimesema hakumbuki hata moja.
Nafuta hapo.

Mwaka huu Rimvydas hakuja.
Desemba nzima na nusu ya Januari alilala hospitali,
mrija puani, simu droo ya muuguzi,
na mtandao haujui mgonjwa.
Ilani ya kwanza, ya pili, ya mwisho;
siku za neema zikaisha,
mvua ikapelekwa mnadani.

Nayaona haya leo, katika karatasi za mwingine,
katikati ya nunua-uza, nunua-uza:
lietus. Imenunuliwa Jumanne.
Bei ya ununuzi, kubwa kuliko kawaida yake.
Bei ya mauzo, pengo.
Ijumaa moja imepita. Zimepita nne.
Na chini yake, kwa mwandiko wake wa haraka,
ada ya kuhuisha: miaka kumi,
ndiyo mingi inayoruhusiwa.

"Hapa niandike nini?" namuuliza. "Hasara? Akiba?"
Žydrūnas anatazama dirishani,
anatazama viatu vyake vilivyochafua zulia langu.
Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue,
anavua koti.