Daftari la Okwemba

Aliandika: "Dada yangu ni fundi wa baiskeli."
Nikacheka, darasa zima likacheka nami,
maana Okwemba hana dada,
na hapa Luanda nani asiyemjua babake,
yule wa kando ya reli, mwenye grisi hadi viwikoni?

Nikampa sifuri.
Pembeni, kwa wino mwekundu: Mzembe.
Neno hilo niliandika kwa mwandiko mzuri sana.

Muhula wa pili dada akarudi kazini.
Dada akaziba pancha, dada akakaza cheni,
dada akanyeshewa akitoka Esibuye.
"Bado" ikawa "dabo", "ndizi" ikawa "nbizi",
herufi zikaruka mistari
kama kuku waliofunguliwa kamba sokoni.

Ila muulize kwa mdomo,
muulize umande unatoka wapi,
atakueleza mpaka kengele ilie.

(Jirani yake, Ayuma, husoma kama redio.
Lakini saba toa tatu, anatafuta vidole chini ya dawati,
na dukani hufumbua kiganja tu,
mwenye duka ajichukulie.)

Aprili gurudumu langu likapinda.
Fundi akaipindua baiskeli, matandiko chini,
akazipanga gololi juu ya gunia bila kuzihesabu.
Nikaomba risiti.
Akamwita muuza mahindi aje aandike.

"Mimi na herufi, mwalimu, hatukupatana.
Nilichapwa hadi darasa la nne, nikaondoka."
Akainua spana, akaigeuza huku, akaigeuza kule.
"Hii ni spana. Na hivi, ni spana.
Baiskeli yako imesimama kichwa chini, ni yako tu.
Ni herufi peke yake
ukiigeuza inakuwa mtu mwingine.
Nani alimwambia mtoto hilo?"

Sikuwa nimemwambia.

Sasa tuna herufi za mpira wa tyubu kuukuu,
Okwemba huzipapasa macho yamefumbwa:
tumbo mbele, b; tumbo nyuma, d.
Kuna siku zinakubali.
Jana ameandika "baba" mara mbili,
ya tatu ikawa "bada", akaitazama, akasonya.

Lile neno langu nililikwangua kwa wembe,
karatasi ikatoboka.
Kurasa tatu zimepata tundu.

Na Ayuma?
Sijui bado.
Nimeomba gololi kumi kwa fundi,
zimo mfukoni, zinagongana ninapotembea.