Sikuandika Kuhusu Mapacha

Walinichagua kwa sababu sina timu Ulaya
na kwa sababu nauza barafu.
Muuza barafu, alisema Nkwabi fundi injini,
anajua kuhesabu kitu kinachopungua huku anakitazama.

Basi nikawa mwenyekiti wa ligi ya kwenye simu:
watu kumi na wawili wa Mwaloni, kila kichwa elfu thelathini,
laki tatu na sitini ndani ya kopo la maziwa ya unga,
kopo chini ya friza namba mbili,
ufunguo shingoni kwangu.

Siku ya kugawana wachezaji
tuliandika namba kwenye vifuniko vya soda,
tukavichanganya ndani ya sado ya dagaa.
Lugembe wa mizani akatoa namba moja,
dunia nzima mbele yake,
akachagua beki.
Beki!
Walicheka mpaka wachuuzi wa jirani
wakaja kuuliza kuna nini.
Sasa ni Machi. Lugembe ni wa tatu.
Hakuna anayecheka.

Sheria niliandika mwenyewe, kwa wino mwekundu:
Vikosi vifungwe Jumamosi saa nane mchana.
Aliye Ukara bila mtandao, shauri yake na ziwa.
Matusi, faini elfu mbili.
Matusi ya Kisukuma, elfu mbili vilevile, nayaelewa.

Sikuandika lolote kuhusu mapacha.

Wiki ya ishirini na saba,
Doto, wa mwisho kwenye msimamo,
alimpa Kulwa mfungaji wake, mabao kumi na tisa,
akapokea kipa wa akiba
aliyevunjika kidole.

Simu ikaanza kutembea yenyewe juu ya friza.
Mwenyekiti, umeona?
Mwenyekiti, hao tumbo moja!
Mwenyekiti, nirudishie thelathini yangu leo hii.
Nkwabi alikuja kwa miguu, grisi mpaka viwikoni,
akapiga kaunta: Hii si biashara, Minza,
hili ni ziwa la mama mmoja
linanyonywa mbele yetu!

Nikamwita Doto.
Alisimama mlangoni, ukungu wa friza miguuni.
Sikumuuliza habari za mpira.
Akasema: Novemba nilipolazwa Sekou Toure,
nani alibeba magunia yangu siku kumi na tisa
akaniletea ujira wote, hata nauli hakukata?
Nimlipe nini, dada?
Mfungaji ndicho kitu pekee nilicho nacho
ambacho Kulwa anakitamani.

Kumi na tisa kwa kumi na tisa.
Hesabu ilikaa sawa daftarini
na haikukaa sawa popote pengine.

Saa tano usiku umeme ukakatika.
Friza zikanyamaza, moja, halafu ya pili.
Kwenye giza la namna hiyo kazi ni moja tu:
usifungue kuangalia.
Kila ukifungua, umepoteza kidogo.
Nikakaa juu ya kreti, daftari magotini,
nikamulika kwa simu yenye asilimia tisa,
nikawaza watu kumi
ambao hawana pacha.

Alfajiri niliandika:
Mabadilishano ya Doto na Kulwa yamefutwa.
Sababu:
nikaacha mstari.

Vidole gumba kumi vikaingia kwenye simu.
Viwili havikuja.

Kulwa alikuja mwenyewe, kununua vipande sita.
Alihesabu hela polepole, akazipanga, akazipanga tena.
Afadhali, akasema.
Nilikuwa sijui nitamkatalia vipi.
Akajitwika gunia, maji yakimtiririka mgongoni,
akaondoka kuelekea mizani.

Jumamosi ile mfungaji akafunga mawili.
Doto bado ni wa mwisho.
Nkwabi amelipa faini mara tatu, zote za Kisukuma.
Na mstari wa sababu ungali mtupu,
karatasi imejikunja pembeni
pale palipodondokewa na maji.